Jokofu Kuukuu Linapovuja: Kulichunguza, Kulitengeneza na Kunusuru Chanjo Iliyomo

Utangulizi

Asubuhi moja ya masika, muuguzi wa zahanati iliyo kwenye miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru alinipigia simu. "Shikamoo, daktari. Jokofu letu la chanjo linavuja. Sakafu ina maji, na chumba kinanuka kama choo kisichosafishwa. Nimefunga mlango na dirisha ili ubaridi usitoke." Kisha akauliza kama aendelee na kliniki ya watoto, kwa kuwa akina mama walikwisha kufika, na baadhi yao walikuwa wametembea tangu alfajiri.

Katika maneno hayo machache kulikuwa na matatizo mawili yaliyodhaniwa kuwa moja. Maji sakafuni yalitokana na barafu iliyoyeyuka. Harufu ilitokana na amonia iliyokuwa ikitoka kwenye mabomba ya nyuma ya jokofu hilo la mafuta ya taa. Tatizo la kwanza huhitaji kitambaa cha kufutia sakafu. La pili huhitaji watu watoke chumbani. Muuguzi yule, kwa nia njema kabisa, alikuwa amejifungia pamoja na sumu. Nilimwomba atoke, afungue dirisha kwa upande wa nje, na asirudi ndani mpaka harufu iishe.

Mimi ni daktari bingwa wa watoto, si fundi wa majokofu. Lakini miaka ya kuzungukia zahanati za Morogoro imenifundisha kwamba jokofu bovu ni mgonjwa anayeweza kuwaambukiza wengine: chanjo huharibika, dawa ya kuzuia mama asitokwe na damu nyingi baada ya kujifungua hupoteza nguvu, na wakati mwingine mhudumu mwenyewe huumia. Makala haya yanaeleza namna ya kutambua kinachovuja, kipi kinaweza kutengenezwa hapo hapo, kipi ni cha fundi, na kipi hakipaswi kuguswa.

Majokofu haya yalifikaje milimani?

Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wake mpana wa chanjo mwaka 1974, na Tanzania ikaanzisha wa kwake mwaka 1975. Chanjo nyingi huhitaji kutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi tangu kiwandani hadi kwenye mkono wa mtoto. Morogoro mjini palikuwa na umeme. Lakini kwa zahanati nyingi za milimani, kuanzia pande za Mgeta na Bunduki hadi Kinole na Matombo, nguzo za umeme zilikuwa habari ya mbali. Kilichowezekana ni jokofu linalotumia mafuta ya taa au gesi ya kupikia.

Wengi hushangaa kuona moto ukileta baridi. Siri yake ni hii. Ndani ya mabomba ya chuma yaliyofungwa kabisa mna maji yaliyoyeyushwa amonia, pamoja na gesi ya haidrojeni. Moto wa utambi huchemsha mchanganyiko huo, na amonia hujitenga na maji ikiwa mvuke. Mvuke hupanda, hupoa kwenye mabomba ya juu, na hugeuka kuwa kimiminika. Kimiminika hicho huteremka hadi kwenye sehemu ya kugandishia, hukutana na haidrojeni, na huanza kuwa mvuke tena; kwa kufanya hivyo hunyonya joto la vitu vilivyomo ndani. Mwishowe amonia hunywewa na maji na kurudi ilikoanzia. Utaratibu huu ulibuniwa mwaka 1922 na wanafunzi wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters.

Hakuna kompresa wala pampu. Kila kitu huendeshwa na joto na mteremko. Kwa sababu hiyo jokofu la aina hii hudai mambo mawili: lisimame wima bila kuinama upande wowote, na moto wake uwe safi. Nyingi ya "hitilafu" nilizoitiwa ziliisha kwa kusawazisha miguu ya jokofu kwa kipimio cha waashi na kukata utambi ulioungua.

Kwanza nusuru kilichomo

Kabla ya kuuliza kwa nini jokofu linavuja, soma kipimajoto na uandike kiwango cha joto pamoja na saa. Kisha hamishia chanjo kwenye kibebea chanjo au sanduku baridi. Pakiti za barafu zisiwekwe zikiwa zimeganda kama jiwe. Ziache nje mpaka ukizitikisa usikie maji yakicheza ndani. Ndipo uziweke, kwa maana barafu kali huweza kugandisha chanjo zisizovumilia kuganda. Mjulishe mratibu wa chanjo wa halmashauri, na tafuta kituo jirani chenye jokofu linalofanya kazi.

Kanuni hii ina hali moja tu ya kuiacha. Ukisikia harufu kali inayowasha macho na pua, watu hutangulia chanjo. Chupa za chanjo huletwa nyingine. Mapafu ya muuguzi hayaletwi.

Kinachovuja ni nini?

Fanya kama unavyofanya kwa mgonjwa: pata historia kabla ya kugusa. Tatizo lilianza lini? Jokofu lilihamishwa karibuni? Nani aliondoa barafu, na kwa kifaa gani? Moto ulikuwa wa rangi gani? Kisha tumia pua, macho na mikono, kwa mpangilio huo.

1. Maji

Maji ndiyo mvujo wa kawaida na usio na hatari kubwa. Hayana harufu, na huonekana chini ya mlango au chini ya droo. Sababu zake ni chache: tundu la kupitishia maji ya barafu limeziba, sinia la kukusanyia maji limepasuka, mpira wa mlango umechoka, au jokofu limeacha kupoza na barafu yote inayeyuka.

Tundu lililoziba huzibuliwa kwa bomba kubwa la sindano, bila sindano yenyewe, lililojazwa maji ya uvuguvugu. Sukuma taratibu mpaka maji yapite. Mpira wa mlango hupimwa kwa kipande cha karatasi: fungia karatasi mlangoni kisha uivute. Ikitoka bila kukazwa, hapo hewa yenye joto na unyevu inaingia. Osha mpira kwa maji na sabuni, ukaushe, upime tena. Ukiwa umepasuka au kukakamaa, ubadilishwe. Katika vijiji vya mashariki ya Uluguru, vinavyopokea mvua na unyevu kutoka Bahari ya Hindi, mpira mbovu hujaza barafu haraka kuliko mjini.

Onyo moja lishikwe na kila mtu: usibandue barafu kwa kisu, bisibisi wala mkasi. Ukuta wa sehemu ya kugandishia ni mwembamba, na nyuma yake hupita gesi. Majokofu mengi yaliyoletwa kwa fundi kwa sababu ya kuishiwa gesi yalitobolewa hivyo, na mtu aliyekuwa akiyasafisha. Barafu ikizidi unene wa nusu sentimita, hamisha chanjo, zima jokofu, acha mlango wazi, na weka ndani bakuli la maji moto. Subira ya saa chache hugharimu kidogo kuliko jokofu jipya.

2. Mafuta ya taa

Harufu yake haikosewi. Kagua tangi, kiungo chake na utambi. Zima moto na uache tangi lipoe kabla ya kulivuta au kuliongeza mafuta. Tangi lililotoboka lisibandikwe sabuni wala ubani wa kutafuna; libadilishwe, au lichomelewe na fundi likiwa limemwagwa na kuoshwa kabisa.

Tazama pia moto wenyewe. Moto mzuri ni wa bluu na hautoi moshi. Moto wa njano wenye masizi humaanisha utambi haujakatwa sawa, mafuta ni machafu, au bomba la moshi limeziba. Moto huo hupoza vibaya, na pia hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu. Mhudumu anayeumwa kichwa na kusikia kichefuchefu kila anapokaa chumba cha chanjo, na kupata nafuu akitoka nje, asimeze dawa ya maumivu na kurudi humo. Akague moto na afungue madirisha.

Mafuta ya jokofu yasihifadhiwe kwenye chupa za soda au za maji. Mtoto akiyanywa, msimtapishe, wala msimpe maziwa au mafuta ya kula. Hatari kubwa iko kwenye mapafu, na kutapika huongeza uwezekano wa mafuta kuingia huko. Mvue nguo zilizolowa, osheni ngozi yake, na mpelekeni kituo cha afya. Kikohozi, kupumua haraka au homa ni dalili za kumpa rufaa bila kuchelewa.

3. Amonia

Huu ndio mvujo wa majokofu ya kale ya moto. Dalili ni tatu: harufu kali kama ya mkojo uliokaa, jokofu halipozi ingawa moto ni mzuri na limesimama sawa, na mara nyingi doa au unga wa rangi ya njano kwenye maungio ya mabomba ya nyuma. Harufu ikiwa hafifu na una shaka, lowesha karatasi nyekundu ya litimasi kwa maji na uisogeze karibu na mabomba. Ikigeuka bluu, ni amonia. Harufu ikiwa kali, usipime chochote. Toka.

Kiasi cha amonia katika jokofu moja si kikubwa, lakini kimefungwa kwa shinikizo kubwa, na chumba cha chanjo huwa kidogo. Amonia hupenda maji. Kwa hiyo hushambulia kwanza mahali penye unyevu: macho, pua, koo na njia ya hewa. Haidrojeni inayotoka nayo hushika moto kwa urahisi. Usiwashe kiberiti wala swichi. Fungua madirisha kwa nje, watoe watu wote, na usubiri hewa ibadilike. Moto wa jokofu uzimwe tu kama unaweza kufikiwa bila kuvuta hewa hiyo.

Huduma ya kwanza ni maji mengi. Macho yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kope zikiwa zimefunguliwa, na ikiwezekana kazi hiyo iendelee njiani kuelekea hospitali. Vua nguo zilizopata kimiminika na osha ngozi. Usitumie siki wala limau kwa dhana ya kuua ukali wa amonia, utaongeza jeraha. Mgonjwa akae kitako na apewe oksijeni ikiwapo. Sauti kukauka, mluzi wakati wa kuvuta hewa, au shida ya kumeza huashiria kwamba koo linavimba: huyo hapaswi kusubiri gari la kesho. Hata anayejisikia vizuri aangaliwe kwa saa kadhaa, kwa maana mapafu huweza kujaa maji baadaye.

Je, mabomba haya hutengenezwa? Kwa ufupi, hapana. Yamefungwa kiwandani, na fundi wa mtaani hana njia salama ya kurudisha amonia na haidrojeni kwa vipimo vyake. Asiyakate wala asiyachomelee. Kinachowezekana ni kubadilisha mfumo wote wa mabomba, kama upo wa kubadilishia, au kulistaafisha jokofu. Ule unga wa njano usifagiliwe wala kuguswa kwa mikono mitupu. Ni chumvi ya kromati, iliyowekwa ili mabomba yasipate kutu, na ni sumu inayoweza kusababisha saratani. Vaa glavu, ufute kwa kitambaa kilicholowa, na ufunge kitambaa hicho kama taka hatarishi.

4. Gesi ya jokofu la umeme

Umeme ulipofika, zahanati nyingi na nyumba nyingi zilipata majokofu ya kompresa, mara nyingi yaliyokwisha kutumika kwingine. Majokofu ya umeme ya kale kabisa yalitumia gesi zenye sumu kama dioksidi ya salfa. Mwaka 1928 Thomas Midgley na wenzake huko Marekani walipata gesi isiyo na sumu wala kuwaka, iliyouzwa kwa jina la Freon. Baadaye ikabainika kwamba gesi za jamii hiyo zinaharibu tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ukaanza kuziondoa. Majokofu mengi ya nyumbani ya siku hizi hutumia isobyuteni, yenye alama R600a: haidhuru ozoni, lakini huwaka kama gesi ya kupikia.

Dalili ya mvujo hapa ni kompresa kufanya kazi bila kupumzika, huku barafu ikifanyika kona moja tu au isifanyike kabisa. Mahali penye tundu mara nyingi huwa na alama ya mafuta, kwa sababu mafuta ya kompresa hutoka pamoja na gesi. Fundi hupaka povu la sabuni kwenye maungio na kuangalia viputo.

Usikubali tiba ya "kuongeza gesi" peke yake. Mfumo huu umefungwa. Gesi haipungui kwa kutumika. Ikipungua, kuna tundu. Kuijaza bila kuziba ni sawa na kumwongezea damu mgonjwa anayetokwa na damu bila kufunga mshipa. Kazi kamili ina hatua hizi: kutoa gesi iliyobaki, kutafuta tundu, kuliziba, kupima kwa shinikizo la naitrojeni, kubadilisha kichujio, kufyonza hewa na unyevu kwa pampu, kisha kujaza gesi kwa kuipima kwa mizani kulingana na kibandiko cha jokofu. Muulize fundi hatua hizo kabla hajaanza. Na kibandiko kikionyesha R600a, moto wa kuchomelea usikaribie mpaka gesi yote itolewe na chumba kipate hewa.

Je, chanjo bado ni nzima?

Baada ya jokofu, rudi kwenye chanjo. Kiashiria cha joto kilicho kwenye chupa kina mraba ndani ya duara. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, na tarehe ya mwisho haijapita, joto halijaiharibu chanjo. Ukilingana na duara au kuwa mweusi zaidi, chanjo isitumike.

Kiashiria hicho hakionyeshi kuganda, na milimani kuganda ni adui wa kweli. Usiku wa Mgeta ni wa baridi. Moto ulioachwa juu kama ulivyokuwa mchana huweza kushusha joto la jokofu chini ya sifuri. Chanjo ya surua na rubela kabla ya kuchanganywa, na ya polio ya matone, haziharibiwi na kuganda. Lakini chanjo ya pepopunda, ya penta, ya homa ya ini aina ya B, ya nimonia na ya saratani ya mlango wa kizazi zikiganda zimekwisha, hata zikiyeyuka na kuonekana safi.

Chupa uliyoikuta imeganda isitumike. Haina haja ya kipimo. Ukiwa na shaka tu, fanya kipimo cha kutikisa. Chukua chupa moja ya aina ile ile na toleo lile lile, iandike "imegandishwa", igandishe kabisa kisha uiyeyushe. Itikise pamoja na ile unayoishuku, uziweke sambamba na uzitazame kwa nusu saa. Unayoishuku ikituama kwa kasi sawa na iliyogandishwa, au haraka zaidi, usiitumie. Kipimo hiki ni cha chanjo zenye chumvi ya aluminiamu pekee. Chanjo ya polio ya sindano haipimwi hivyo. Chupa zote zilizokataliwa zitengwe, ziandikwe "usitumie", na zimngoje mratibu.

Kumbuka pia oksitosini. Haina kiashiria chochote. Iliyopigwa na joto hufanana na iliyo nzima, na tofauti huonekana usiku, mama anapotokwa na damu na sindano isisaidie.

Kwa mgonjwa anayetunza insulini nyumbani

Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Iliyofunguliwa huweza kukaa nje ya jokofu kwa takriban wiki nne, mradi joto lisizidi kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi yake, ambacho kwa kawaida ni nyuzi 25 au 30. Kwa hiyo jokofu lako likiharibika, usiache kuchoma sindano. Weka chupa kwenye kopo lisiloingia maji, ulitie ndani ya chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati yake ukiwa umejaza mchanga uliolowa. Funika kwa kitambaa chenye unyevu na uweke kivulini penye upepo. Njia hii husaidia zaidi mahali pakavu kuliko penye unyevu mwingi. Insulini iliyowahi kuganda itupwe, hata ikionekana safi.

Lini jokofu listaafu?

Leo Shirika la Afya Duniani halipendekezi tena kununua majokofu ya mafuta ya taa au gesi kwa ajili ya chanjo, kwa kuwa joto lake ni gumu kudhibiti. Yale ya nguvu ya jua yanayotengenezwa mahususi kwa chanjo yameziba pengo hilo. Jokofu la kale lililovuja amonia mara moja limekwisha muda wake. Lisigeuzwe kuwa kabati la vyuma chakavu uani, wala lisitupwe korongoni. Mito ya Uluguru, Mgeta ukiwamo, hupeleka maji yake Ruvu, na Ruvu huwanywesha watu wa Pwani na Dar es Salaam. Chumvi ya kromati iliyomo kwenye mabomba haina haki ya kusafiri hivyo. Andika kwa halmashauri, ili fundi wa vifaa tiba aliondoe kwa utaratibu.

Hitimisho

Siku ile, muuguzi alisubiri harufu iishe kabisa kabla ya kuingia. Kipimajoto kilisoma nyuzi 13. Viashiria vya chupa vilikuwa bado vizuri, na mratibu aliruhusu chanjo zihamishwe kwa pikipiki hadi kituo cha afya kilicho chini ya mlima. Muuguzi alikohoa kwa siku mbili, akapona. Lakini akina mama walirudishwa nyumbani na watoto wao bila chanjo, na tukajua kwamba si wote wangeweza kurudi wiki ile.

Aliniambia baadaye kwamba harufu ile ilianza wiki mbili kabla, kidogo kidogo, na wote wakadhani ni choo. Basi, ndugu mhudumu, kila asubuhi unapoandika joto kwenye chati, zunguka nyuma ya jokofu. Nusa, angalia mabomba, gusa sakafu. Inachukua dakika moja, na dakika hiyo ndiyo iliyokosekana wiki mbili zile.